Namna ya Kulinganisha Malisho ya Kudumu ya Nchi Mbili kwa Miaka Mingi: Mfano wa Kenya na Tanzania

Wanafunzi wa jiografia na kilimo, waandishi wa habari, na maofisa wa mashirika yanayofanya kazi na wafugaji huuliza maswali yale yale kila wanapoanza kazi hii. Takwimu hupatikana wapi? Kwa nini mstari wa Kenya kwenye chati umelala bila kupanda wala kushuka? Kwa nini serikali ya Tanzania hutaja hektari milioni 60 za malisho ilhali jedwali la kimataifa linataja milioni 24? Na je, ni halali kuandika kwamba nchi fulani imepoteza malisho? Mwongozo huu ni wa mtu anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza. Nimechagua Kenya na Tanzania kwa sababu zinapakana, wapo wafugaji wa jamii moja wanaoishi pande zote mbili za mpaka, na karibu matatizo yote makubwa ya takwimu za malisho yanaonekana humo.

Kuna jambo moja ninaloliweka mbele kabla ya hatua yoyote, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama kazi yako itakuwa na thamani: usiseme lolote kuhusu mabadiliko ya ardhi mpaka ujue kama nambari iliyo mbele yako ilipimwa kweli, au ilirudiwa tu kutoka mwaka uliotangulia. Ardhi ya wafugaji imeamuliwa mara nyingi kwa hesabu ambazo hakuna aliyezihoji, na wanaolipia ni watu ambao hawakuwahi kuliona jedwali lenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye programu ya lahajedwali, kama vile Excel au LibreOffice Calc. Simu inaweza kufungua faili, lakini kukagua miaka sitini ya takwimu kwenye kioo kidogo huleta makosa.
- Intaneti ya kutosha kupakua faili dogo kutoka FAOSTAT, hifadhi ya takwimu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Haina malipo.
- Namba za utambulisho, ambazo hazibadiliki hata lugha ya ukurasa ikibadilika. Malisho ya kudumu ni 6655, eneo la nchi kavu ni 6601, eneo lote la nchi pamoja na maji ya ndani ni 6600, ardhi ya mazao ni 6620, na misitu ni 6646. Katika mfumo wa FAO, Kenya ni 114 na Tanzania ni 215.
- Daftari, la karatasi au la kompyuta, la kuandika tarehe uliyopakua faili na kila uamuzi uliofanya.

Nadharia unayoihitaji ni ndogo. FAO huhesabu kuwa malisho ya kudumu ile ardhi inayotumika kwa miaka mitano au zaidi kuotesha majani ya mifugo, yawe yamepandwa au yameota yenyewe. Majani yaliyopandwa kwa muda mfupi kuliko huo huhesabiwa pamoja na ardhi ya kulimwa. Ardhi yenye miti au vichaka huingia katika kundi la malisho ikiwa tu majani ya mifugo ndiyo matumizi yake makuu. Kishazi hicho cha mwisho kikumbuke, kwa maana tutakirudia.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Usifungue faili kabla ya kuandika swali. Kuuliza nchi ipi ina malisho mengi ni swali la ukubwa, na jibu lake ni hektari. Kuuliza malisho yana nafasi gani katika nchi ni swali la mgao, na jibu lake ni asilimia ya nchi kavu. Kuuliza malisho yamepungua au yameongezeka ni swali la mabadiliko, nalo ndilo gumu kuliko yote. Kosa la kawaida ni kukusanya takwimu za swali la kwanza kisha kuandika hitimisho la swali la tatu.

Hatua ya 2: Pakua takwimu

Katika FAOSTAT, ingia sehemu ya matumizi ya ardhi, chagua nchi mbili, chagua 6655, 6601, 6600 na 6620, kisha chukua miaka yote tangu 1961, ambao ndio mwaka wa kwanza wa mfululizo huu. Katika orodha ya Kiingereza, Tanzania utaikuta kwenye herufi U, si T, kwa kuwa jina rasmi linaanza na neno la muungano; wengi huhangaika hapo wakidhani nchi imesahaulika. Kabla ya kubofya kitufe cha kupakua, hakikisha umeruhusu alama za hali ya takwimu zije pamoja na nambari. Bila alama hizo, hatua ya 4 haitawezekana.

Onyo: usitafute uthibitisho kwa kulinganisha nambari za FAOSTAT na zile za Benki ya Dunia au za tovuti za kuchora chati, kwa sababu takwimu zao za matumizi ya ardhi hutoka FAO hiyo hiyo. Mashahidi watatu waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja. Benki ya Dunia hata haitoi malisho peke yake. Hutoa ardhi yote ya kilimo, na ili kuyapata malisho ni lazima uondoe ardhi ya kulimwa na ile ya mazao ya kudumu kama kahawa, chai na minazi.

Hatua ya 3: Kagua vipimo

Takwimu hizi hutolewa kwa maelfu ya hektari. Ukiona 21,300 kwa Kenya, maana yake ni hektari milioni 21.3, na 24,000 kwa Tanzania ni hektari milioni 24. Ikiwa unataka kilomita za mraba, zidisha nambari ya jedwali kwa 10. Andika kipimo juu ya kila safu wima ya lahajedwali lako, maana nambari zisizo na kipimo ndizo huzaa vichwa vya habari vya ajabu.

Hatua ya 4: Tofautisha kilichopimwa na kilichorudiwa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naomba uipe muda mrefu kuliko nyingine zote.

Weka miaka kwenye safu A na malisho ya Kenya kwenye safu B. Kwenye safu C andika fomula ya kutoa mwaka uliotangulia kutoka mwaka uliopo, yaani =B3-B2, kisha ivute mpaka chini. Fanya hivyo pia kwa Tanzania. Sasa hesabu sufuri. Kwa Kenya utakuta sufuri zimefuatana miongo kwa miongo, kwa sababu nambari ni ile ile 21,300 tangu 1961.

Je, inawezekana kwamba malisho ya Kenya hayakubadilika hata kidogo katika muda wote huo? Haiwezekani. Katika miongo hiyo sehemu za Kajiado na Narok zimefunguliwa kwa kilimo cha ngano na mahindi, miji imepanuka, hifadhi za wanyamapori zimeongezwa, na huko Baringo mti wa mathenge, ulioletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko na kutoa kuni, umefunika maeneo ambayo zamani yalikuwa nyasi. Mstari ulionyooka hauelezi kwamba ardhi ilitulia. Unaeleza kwamba makadirio hayakurekebishwa.

Baada ya hapo soma alama za hali. Alama ya A huonyesha takwimu rasmi ya serikali, E ni makadirio, I ni nambari iliyojazwa kwa kukokotoa, na X ni nambari kutoka shirika jingine. Paka kila kundi rangi yake. Ukimaliza utaona kwa jicho moja ni miaka ipi inayokupa ushahidi na ipi inayokupa tu mwendelezo wa chati.

Kuruka kwa ghafla nako kunahitaji kuhojiwa kama mstari ulionyooka. Mfano mzuri ni Saudia, ambako ardhi iliyohesabiwa kuwa ya kilimo ilikuwa takriban asilimia 40 ya nchi mwaka 1961, na sasa ni takriban asilimia 80, karibu yote ikiwa ni malisho. Hakuna mvua iliyogeuza jangwa kuwa nyasi kwa kiasi hicho. Ongezeko la namna hiyo huelezwa na namna ya kuhesabu nyanda kame, wala si na nyasi mpya.

Hatua ya 5: Kokotoa mgao

Gawanya malisho kwa eneo la nchi kavu, kisha zidisha kwa 100. Eneo la nchi kavu la Kenya ni hektari elfu 56,914, na la Tanzania ni hektari elfu 88,580. Kwa hiyo Kenya inapata asilimia 37.4 na Tanzania asilimia 27.1.

Hapa tayari jibu la swali la ukubwa na jibu la swali la mgao yanapingana: Tanzania ina hektari nyingi zaidi, lakini Kenya ina sehemu kubwa zaidi ya nchi iliyohesabiwa kuwa malisho. Yote mawili ni sahihi, na ndiyo sababu ya kuandika swali kwanza.

Usitumie eneo lote la nchi kama kigawanyo. Tanzania ina sehemu kubwa ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, na ukigawanya kwa hektari elfu 94,730, ambazo zinajumuisha maji, mgao wake unashuka hadi asilimia 25.3. Kwa Kenya tofauti ni ndogo, kutoka 37.4 hadi 36.7, na hivyo kigawanyo kibaya kinaionea nchi moja kuliko nyingine.

Hatua ya 6: Chora chati

Chora mistari miwili kwenye mhimili mmoja unaoanzia sufuri. Miaka iliyorudiwa ichore kwa mstari wa nukta, na miaka yenye takwimu mpya kwa mstari kamili. Epuka chati yenye mihimili miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia, kwa sababu inamruhusu mchoraji kuikutanisha mistari popote apendapo.

Hatua ya 7: Ukitaka, ongeza watu na mifugo

Wengi hupenda kugawanya malisho kwa idadi ya watu. Tazama kinachotokea. Sensa ya Kenya ya mwaka 1962 ilihesabu watu wapatao milioni 8.6, na ile ya 2019 ikahesabu milioni 47.6. Ukigawanya hektari milioni 21.3 kwa idadi hizo unapata hektari 2.5 kwa mtu, kisha hektari 0.45. Mstari huo unaoshuka unavutia macho, lakini hauna habari yoyote kuhusu malisho, kwa sababu kilichogawanywa hakikubadilika. Umechora ongezeko la watu na kulipa jina la ardhi. Kokotoo hilo lina matumizi yake, mradi useme wazi kwamba linapima wingi wa watu.

Mifugo inafaa zaidi, ingawa nayo ina masharti yake. Geuza wanyama wote kuwa kipimo kimoja cha mifugo ya nchi za joto, ambapo ngamia ni 1, ng'ombe ni 0.7, na mbuzi au kondoo ni 0.1. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu ng'ombe takriban milioni 17.5, kondoo milioni 17.1, mbuzi milioni 27.7 na ngamia karibu milioni 3. Jumla yake ni vipimo vipatavyo milioni 19.7, yaani zaidi kidogo ya hektari moja ya malisho kwa kila kipimo.

Kabla ya kuitumia nambari hiyo, zingatia mambo mawili. Kwanza, ng'ombe wa maziwa wa nyanda za juu hulishwa zaidi napia na majani ya kukatwa, tena wengi wao ndani ya banda, kwa hiyo hawaitegemei ardhi hiyo kama ng'ombe wa Turkana au Marsabit. Pili, hesabu ya ng'ombe ya 2009 ilizidi kwa mbali makadirio yaliyokuwa yakitumika kabla yake. Ukichora mfululizo bila kulieleza hilo, msomaji ataamini kwamba mifugo ilifurika ghafla, kumbe kilichotokea ni kwamba safari hii ilihesabiwa nyumba kwa nyumba.

Hatua ya 8: Tafuta shahidi asiyetegemea jedwali hilo

Jedwali likiwa limenyamaza, picha za setilaiti husaidia. FAOSTAT yenyewe ina sehemu nyingine ya mfuniko wa ardhi inayotokana na setilaiti, yenye mfululizo unaoanzia mwaka 1992 na mwingine unaoanzia 2001. Tahadhari ni kwamba setilaiti huona kilichoota na haioni anayekitumia. Nyasi za hifadhi ya Serengeti na nyasi za Simanjiro, wanakolisha wafugaji, zinafanana zikitazamwa kutoka angani, lakini katika hifadhi ya taifa ng'ombe haruhusiwi kuingia. Ngorongoro ni suala jingine tena, kwa kuwa tangu kuanzishwa kwake mwaka 1959 ilikusudiwa wanyamapori na wafugaji waishi pamoja. Kwa hiyo usiweke kamwe mfuniko wa ardhi na matumizi ya ardhi kwenye mstari mmoja wa chati kana kwamba ni kitu kimoja.

Shahidi mwingine ni historia ya mahali. Katika wilaya ya Hanang nchini Tanzania, mashamba ya ngano ya shirika la umma yaliyosaidiwa na Kanada yalichukua takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig kuanzia karibu mwaka 1970. Hizo ni kama hektari 40,000, na kwa wafugaji wa Basotu zilikuwa sehemu bora ya ardhi yao, yenye majani ya wakati wa mvua. Sasa ziweke kwenye jedwali la maelfu ya hektari: 24,000 ingepaswa kuwa 23,960. Nambari iliyokadiriwa kwa mamilioni kamili haina uwezo wa kuonyesha upungufu huo hata kidogo, hata kama ungeripotiwa siku ile ile. Ndiyo maana nasema usitumie jumla ya taifa kumwambia mtu wa Hanang kwamba malisho yake hayakupungua.

Upande wa Kenya, somo linatoka Kajiado. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ranchi za vikundi, yaani ardhi ya malisho inayomilikiwa na kikundi kwa pamoja, na kuanzia miaka ya 1980 nyingi kati yake ziligawanywa kuwa viwanja vya mtu mmoja mmoja. Kipande kilichozungushiwa uzio kinaweza kuendelea kuhesabiwa kuwa malisho kwa sababu nyasi bado zipo, ilhali mifugo haiwezi tena kupita kufuata mvua. Eneo halikupungua kwa hesabu. Kilichopungua ni uwezo wa kulitumia, na hakuna safu wima ya FAOSTAT inayokipima.

Hatua ya 9: Andika matokeo kwa sentensi zinazobeba ushahidi wake

Sentensi inayofaa ni kama hii: "Kwa mujibu wa makadirio ya FAO, Kenya ina hektari milioni 21.3 za malisho ya kudumu, sawa na asilimia 37.4 ya nchi kavu; nambari hiyo haijarekebishwa tangu 1961, hivyo haiwezi kutumika kupima mabadiliko." Isiyofaa ni hii: "Malisho ya Kenya yamebaki salama kwa miaka sitini." Tofauti kati ya sentensi hizo mbili inaweza kuwa tofauti kati ya mradi unaosikiliza wafugaji na mradi unaowaambia hawana la kulalamikia.

Matatizo ya mara kwa mara na utatuzi wake

*Faili la CSV linafunguka likiwa limejazana kwenye safu moja.* Programu yako inatarajia nukta mkato badala ya mkato. Fungua kwa njia ya kuingiza data, kisha uchague mkato kuwa kitenganishi.

*Asilimia imezidi 100.* Umechanganya hektari na maelfu ya hektari. Rudi hatua ya 3.

*Faili la leo halifanani na la mwaka jana, hata kwa miaka ya zamani.* FAO hurekebisha mfululizo kurudi nyuma. Tumia faili moja kwa kazi nzima, na usiunganishe kamwe nambari za kitabu cha takwimu cha zamani na nambari za sasa, kwa sababu mpasuko utakaouona utakuwa wa vitabu, si wa ardhi.

*Nchi yangu inaanza au inakatika katikati.* Angalia historia ya mipaka. Sudan ya zamani huishia 2011, ikafuatwa na nchi mbili. Ethiopia na Eritrea zilitengana 1993. Ama uzijumlishe nchi zilizogawanyika kwa miaka yote, ama uanzie mwaka wa mgawanyiko.

*Jumla ya malisho, mazao na misitu inazidi nchi kavu, au inaacha pengo kubwa.* Makundi hayo hutoka kwenye tathmini tofauti zenye fasili tofauti. Usilazimishe jumla ifike 100. Onyesha pengo lilivyo.

*Serikali inasema milioni 60, FAO inasema milioni 24, nimwamini nani?* Sera ya Taifa ya Mifugo ya Tanzania ya mwaka 2006 inataja hektari milioni 60 zinazofaa kwa malisho. Neno la kuzingatia ni "zinazofaa": hiyo ni ardhi ambayo mifugo inaweza kulishwa, ukijumlisha misitu ya miombo ambako ng'ombe hulishwa chini ya miti. FAO inahesabu ardhi ambayo malisho ndiyo matumizi yake makuu, na miombo mingi inakidhi fasili ya msitu, yaani miti inayozidi mita tano na kivuli kinachozidi asilimia kumi, hivyo huingia kwenye kundi la misitu. Nambari hizo mbili hujibu maswali mawili tofauti. Ukilinganisha Tanzania na Kenya, chukua nambari za nchi zote mbili kutoka fasili moja. Ukiweka milioni 60 za upande mmoja mkabala na milioni 21.3 za upande wa pili, utakuwa umelinganisha uwezo wa ardhi ya Tanzania na matumizi ya ardhi ya Kenya.